Shangazi, Nimekosa Nini?

Wifi yangu si mtu wa kuomba radhi. Huanza vizuri, "Mimi kama nimekosea," halafu hapohapo anakumbuka kwamba hakukosea, na wewe uliyekuja na machungu yako unajikuta ndiye mshtakiwa. Nimeishi naye ua mmoja tangu alipoachana na mumewe, na mpaka leo sijui nani alimwacha mwenzake. Ukimuuliza yeye, alimwacha. Ukimuuliza yule bwana, anaangalia pembeni na kubadilisha mazungumzo, na mimi nimechukulia kwamba hilo ndilo jibu.

Ni mwalimu wa michezo katika shule ya msingi iliyo nyuma ya mtaa wetu. Wasiomjua wakiambiwa hivyo hucheka, kwa sababu wifi ni mwanamke wa kujaza mlango. Akiingia saluni kwangu huwa naisogeza kwanza meza ya mafuta, maana nimeshapoteza chupa kadhaa kwa nyonga zake. Lakini usidanganyike na umbo. Anaruka, anakimbia, anadaka mpira kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika kikombe cha chai, na chai haimwagiki. Mzazi mmoja aliwahi kumuuliza inakuwaje mtu mnene afundishe mazoezi. Akamjibu, "Moyo wangu haujui kama mimi mnene. Usije ukauambia." Shingoni alikuwa akivaa filimbi ya chuma, hata siku za mapumziko, hata msibani, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Filimbi.

Mimi ni msusi. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho saluni, kina kioo kikubwa, benchi la wanaosubiri na redio inayoshika stesheni moja tu. Mume wangu, kaka yake Filimbi, anaendesha malori ya safari ndefu, kwa hiyo nyumba hii kusema kweli ni ya wanawake wawili na mtoto. Mtoto wetu tunamwita Kidoti kwa sababu ya alama aliyozaliwa nayo chini ya jicho. Yuko darasa la nne. Mwili wake ni wa shangazi yake kabisa, na tangu akiwa mchanga kila aliyempakata alisema, "Huyu kamchukua shangazi." Kidoti alikuwa akisikia hivyo anatembea ametoa kifua mbele.

Halafu ukaja mpango wa afya shuleni.

Nisieleweke vibaya. Mpango wenyewe sikuuona ubaya. Watoto wetu siku hizi wanakunywa soda utadhani bomba limekatika, wakitoka shule wanaganda mbele ya televisheni, na kiwanja walichokuwa wanachezea kimegeuzwa maegesho ya magari. Mtu akija akasema kila mtoto ale tunda saa ya mapumziko na kila mtoto acheze kila siku, mimi nani nibishe? Ubaya ulianza ulipofika mikononi mwa watekelezaji. Walimu waliitwa semina ya kufundishwa madhara ya sukari, na ilipofika saa ya chai wakaletewa soda na keki. Filimbi alinisimulia mwenyewe, huku akinifungulia kipande alichonibebea kwenye karatasi. Tulikula, tukacheka mpaka mteja akalalamika kwamba namvuta nywele.

Mkuu wa shule yao ni mtu wa wageni. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndiyo dini yake. Wageni wakija shule inapigwa deki, vyoo vinapata maji, hata walimu wanasalimiana. Sasa alipoambiwa kwamba wenye mpango watakuja kuona utekelezaji, alianza kujiuliza wataona nini. Tunda likishaliwa halionekani. Afya haionekani. Mistari inaonekana. Kwa hiyo akapanga mistari.

Mstari wa kwanza ukawa getini, wa kukagua mabegi. Soda, biskuti na pipi ziliwekwa kwenye beseni, beseni likapelekwa ofisi ya walimu, na beseni likarudi tupu. Mstari wa pili ukawa barazani, kwenye mzani. Kila mtoto anapanda mbele ya shule nzima na kiranja anatangaza uzito kwa sauti. Waliotangazwa wazito wakawekwa mstari wao wa tatu, na mstari huo ndio uliozunguka uwanja kila asubuhi kabla ya vipindi, wakiongozwa na nani? Na wifi yangu na filimbi yake.

Hapa ni lazima ujue jambo moja kuhusu shule ile. Kuzunguka uwanja ndiyo adhabu yake, tangu nasoma mimi. Ukichelewa, unazunguka. Usipomaliza kazi ya nyumbani, unazunguka. Ukipiga chafya kwa vishindo mwalimu wa nidhamu akihutubia, unazunguka. Hakuna mtoto wa mtaa huu anayeweza kuona mwenzake anakimbia pale bila kuuliza kafanya nini. Kwenye semina yote ile, hakuna aliyelikumbuka hilo. Walichukua uwanja uleule, saa ileile, filimbi ileile, wakaubandika jina la afya.

Na wa mwisho kulikumbuka angekuwa Filimbi. Marehemu mama mkwe alinieleza kwa nini. Filimbi alipokuwa mtoto, nyumbani kwao msichana hakukimbia ila awe ametumwa. Kulikuwa na maji ya kuchota, wadogo wa kubebwa na sufuria za kusugua, na akionekana anakimbia hivihivi anaulizwa, "Msichana mzima unakimbilia wapi?" Shuleni tu, tena akichelewa, ndipo alipoamrishwa kukimbia na hakuna aliyeweza kumlaumu. Basi akawa anachelewa makusudi. Anajibanza nyuma ya duka mpaka kengele ilie, kisha anaingia na sura ya majonzi. Aliadhibiwa miaka yote ya shule na kila adhabu aliila kama pipi. Ndiyo iliyomfikisha kwenye ualimu wa michezo. Kwa hiyo alipomzungusha mwanangu, kichwani mwake alikuwa anampa zawadi, na alishangaa kwa nini haambiwi asante.

Kidoti alianza na tumbo. Kila asubuhi tumbo linauma, ikifika saa nne limepona. Kisha akawa mezani anakizungusha chakula kwenye sahani, kulia, kushoto, mpaka kinapoa. Nilidhani ni minyoo, nikampa dawa. Siku moja nikavuta kile kioo kikubwa nifagie nyuma yake, nikakuta vipande vya mkate vimepangwa ukutani, vingine vimekauka, vingine vimeota ukungu. Nilimsingizia panya kwa muda mfupi tu. Panya hafichi mkate bila kuuonja.

Nilimwita nikamuuliza. Akatazama sakafu akasema, "Nikila sitatoka kwenye ule mstari."

Niliumia. Nimetafuta neno zuri zaidi sijalipata. Mwanangu alikuwa anafanya hesabu na tumbo lake, peke yake, nyuma ya kioo ninachokitazama kutwa.

Jioni hiyo sikungoja wifi anawe mikono.

"Wifi, mtoto hali."

"Atakula. Njaa itamleta mezani."

"Hali kwa sababu yako."

Akaweka kijiko chini. "Yangu mimi? Mimi namkimbiza apate pumzi. Au unataka akae saluni akitazama vichwa vya watu?"

"Wanamwita Tanki."

"Nani anamwita?"

"Wote. Mkimtoa kwenye mstari wa wenzake si mnawapa na jina la kumwitia?"

"Wifi, kukimbia hakujamuua mtu."

"Hakujakuua wewe."

Aliondoka na sahani yake akaenda kumalizia chumbani. Siku zilizofuata tulipishana uani kama wapangaji waliogombania kamba ya kuanikia nguo. Mimi nina hasira za karibu, hilo sifichi, lakini safari hii hazikuwa za karibu. Zilikaa.

Asubuhi moja nikaamua kwenda kujionea mwenyewe. Nilikuwa na mteja kitini, mama muuza mboga, kichwa nimekisuka nusu. Nikamwomba anisubiri. Akasema hawezi kukaa hapo na nusu kichwa wakati kuna jambo, akajitanda, tukaongozana. Mtandio ulimponyoka njiani na hakuujali. Ndivyo tulivyofika kwenye uzio wa shule, mimi mikono imejaa mafuta, yeye upande mmoja umesukwa na mwingine umesimama wima.

Shule nzima ilikuwa barazani ikitazama. Mstari wa wazito ulikuwa uwanjani, Kidoti katikati, sketi imebanwa kiunoni kwa pini niliyoiweka mimi mwenyewe, maana alikuwa amepungua na nguo zinamwanguka. Filimbi alikuwa ameshatia filimbi mdomoni. Ndipo Kidoti akanyoosha mkono.

Shuleni anatakiwa amwite Mwalimu, na hajawahi kukosea. Siku ile alimwita vingine. Hakuwa analia, na ingekuwa afadhali angelia. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

"Shangazi, nimekosa nini?"

Filimbi alibaki na filimbi katikati ya meno. Mtoto mmoja wa nyuma akaona mlango umefunguka, naye akauliza, "Na mimi nimekosa nini, Mwalimu?" Mwingine akasema yeye hajachelewa hata siku moja.

"Nani kawaambia mmekosa?" wifi akauliza.

"Si tunazungushwa," msichana mmoja akamjibu, taratibu, kama anamweleza mgeni. "Anayezungushwa si ana kosa?"

Wifi aliutazama uwanja wote, kona moja hadi nyingine. Akawatazama watoto. Kisha akavua filimbi shingoni, akaisokomeza mfukoni, akasema, "Hakuna aliyekosa hapa. Nendeni mkakae na wenzenu. Wote."

Mwalimu wa nidhamu alikuwa barazani na fimbo yake. "Mwalimu, kwa amri ya nani?"

"Yangu," akasema, bila kugeuka.

Wenzake walirudi darasani. Kidoti alikuja moja kwa moja kwenye uzio, akanishika mkono uleule wenye mafuta. "Mama, twende nyumbani." Tulipofika alivua sare, akaikunja vizuri, akaiweka chini kabisa ya sanduku la nguo. Akasema harudi tena. Sikupiga kelele, maana kwa jinsi alivyoikunja ile sare nilijua hatanii.

Jioni Filimbi aliingia saluni amebeba mzigo umefungwa khanga. Akaufungua. Ni mzani wa shule. Akausukumia chini ya benchi la wateja.

"Umeiba mzani?" nikamuuliza, maneno yetu ya kwanza baada ya siku zote zile.

"Nimeupumzisha."

Kisha akaketi sakafuni mbele ya Kidoti, na kuketi kwake si jambo la haraka. Akaanza kama kawaida yake. "Mimi kama nimekosea..." Nikakaza moyo, nikingoja ageuze kibao. Hakukigeuza. Alisema tu, "Nimekosea, mama. Nilidhani unafurahi kama nilivyokuwa nafurahi mimi."

Kidoti akaitikia. "Sawa. Lakini sirudi."

"Hata kucheza tu?"

"Kule hatuchezi. Tunazunguka."

"Na ingekuwa kucheza ungecheza nini?"

Nikadakia mimi, nikidhani nasaidia, "Kuvuta kamba, mama. Wewe una nguvu."

Mwanangu alinigeukia kwa macho ya mtu mzima. "Kila mtu anataka nivute kamba kwa sababu mimi mzito. Mimi nataka kuruka."

Basi nikafanya kitu ninachokijua. Nilikusanya masalio yote ya rasta kwenye maboksi, nyeusi, kahawia, nyekundu, na zile za zambarau alizozikataa bibi harusi fulani baada ya kunisumbua nizitafute. Nikazisuka kamba moja nene, ndefu kutoka mlango wa jiko mpaka kwenye choo. Wifi akashika upande mmoja, mimi wa pili, tukaizungusha uani. Kidoti alisita, akatazama inavyopiga chini, akaingia. Aliruka kama mtoto aliyekuwa anaruka kichwani mwake muda mrefu. Kisha Filimbi akataka zamu yake, akamwachia kamba muuza mboga aliyekuja kumaliziwa kichwa, na aliporuka sufuria zilisogea jikoni. Tulicheka wote. Kidoti alikula mkate amesimama, anahema, bila kuangalia anakula nini.

Nikadhani yameisha. Asubuhi nikamtolea sare. Akatikisa kichwa. "Hapa sawa. Kule watapima tena."

Na kweli, kule walikuwa hawajamaliza. Wageni walikuwa wanakaribia na Mkuu alikuwa anahaha. Alimwita wifi ofisini, na waliyozungumza nimeyasikia kwa wifi na kwa mlinzi aliyekuwa anafagia dirishani, na kwa mara ya kwanza masimulizi yao yanalingana.

"Mwalimu, ule mzani ni mali ya mpango."

"Mali ya mpango iko salama."

"Iko wapi?"

"Inapumzika."

"Nitakuandikia barua, Mwalimu. Uhamisho si kitu kigumu."

"Andika, Mkuu. Wino ni wa shule."

Nyumbani hakujigamba sana. Alimenya ndizi, akaila nusu, akasema, "Naogopa, wifi. Wakinipeleka mbali sina kwa kwenda zaidi ya hapa." Nikamwambia basi arudishe mzani yaishe. Akanitazama kama nimemtukana. "Yaishe kwa nani? Kwa Mkuu yataisha. Kwa huyu je?" Akanionyesha Kidoti kwa ile ndizi. Nilimpenda siku ile kuliko nilivyowahi kumwambia.

Siku ya wageni wazazi tulialikwa. Nilimshawishi Kidoti avae sare, twende tukamtazame shangazi tu, tukae nje. Akakubali, akaibeba kamba begani. Tulipofika getini akaganda. Mkuu alikuwa amepata mzani mwingine. Ameuazima kwa muuza nafaka wa sokoni, mzani wa kupimia magunia, ule wenye bamba la chuma, na unga ulikuwa bado kwenye pembe zake. Umewekwa katikati ya baraza, kiranja kando, mstari wa watoto uko tayari. Pembeni kulikuwa na meza ya wageni yenye kitambaa cheupe na maua, na juu ya meza soda na biskuti.

Mzani wa magunia, kwa watoto wa watu. Nilikuwa nimeshapiga hatua kuingia nikamwage ya moyoni, nikahisi mkono wa Kidoti unanivuta nyuma, mwingine umeng'ang'ania nondo za geti.

Filimbi alinitangulia. Alitoka kwenye mstari wa walimu, bila filimbi, akapita mbele ya wageni, akawasalimu kwa adabu, akapanda kwenye ule mzani. Chuma kikalia.

"Tuanze na wakubwa," akasema. "Kiranja, soma."

Kiranja akamtazama Mkuu.

"Soma, mwanangu. Kwa sauti, kama ulivyofundishwa."

Kiranja akasoma. Watu walicheka. Wazazi walicheka, walimu walicheka, hata wageni wawili watatu waliinamia mikono yao. Mkono wa Kidoti ulikaza wangu mpaka ukauma. Na Filimbi hakushuka. Hakucheka nao kujirahisishia, wala hakukunja uso. Alishika kiuno, akasimama juu ya mzani ule akiwatazama mmoja mmoja, mpaka wakaanza kujionea aibu, kicheko kikapungua, kikaisha. Ndipo akasema, "Mmemaliza? Hivi ndivyo watoto wenu wanavyosimama hapa. Ila wao hawana miaka yangu." Kisha akashuka, akanyoosha mkono kwenye bamba. "Karibu, Mkuu."

Mkuu akarekebisha tai. Akasema ana dharura ya kuwahudumia wageni. Mwalimu wa nidhamu aligundua ghafla kwamba anahitajika nyuma ya madarasa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, wazee walisema, na siku ile niliuona unavyogeuzwa.

Mgeni mkubwa, mama wa makamo mwenye miwani, akamgeukia Mkuu. "Kwani mnawapima hadharani hivi?"

"Ni katika uwazi, mheshimiwa," Mkuu akajibu.

Yule mama hakuwa mjinga wala hakuwa malaika. Alimwambia wifi kwamba pamoja na yote vipimo vinahitajika, vinginevyo watajuaje kama mpango unasaidia. Wifi akamjibu kwa heshima, "Mtavipata, mama. Ndani, mlango umefungwa, mmoja mmoja, na namba aijue mtoto na mzazi wake. Lakini mzani hautakwambia kama mtoto anapenda kucheza. Hilo ukitaka kulijua kaa hapa nje." Akaiendea meza, akabeba sinia la soda. "Na hizi naomba niziondoe. Za watoto zilikamatwa getini. Kama ni mbaya kwao, sijui zimekuwa nzuri kwetu lini." Akalipeleka ofisini na kurudi na sinia lilelile limejaa ndizi na machungwa, akalitua mbele ya wageni, akawatazama mpaka kila mmoja akachukua.

Sasa uwanjani hapakuwa na mstari. Watoto walisimama ovyo, hawajui waende wapi, na kamba pekee ilikuwa getini begani kwa mwanangu. Filimbi alitutazama kule tulikosimama. Hakumwita. Hakupunga mkono. Alisimama tu, mikono mitupu, na nilijua angesimama hivyo mpaka jioni.

Kidoti aliniachia mkono. Aliingia getini peke yake, akapita kando ya mzani wa magunia bila kuutazama, akampa shangazi yake ncha moja ya kamba.

Mambo hayakuisha kwa vifijo. Mkuu alimpa onyo, akamtaka aombe radhi kwenye kikao cha walimu. Wifi akasimama akaanza, "Mimi kama nimekosea," na waliokuwepo wanasema aliketi baada ya nusu saa, na Mkuu ndiye aliyekuwa anajitetea. Uhamisho bado unasemwasemwa, na kila ukisemwa wifi anajibu kwamba wanajua anaposimama. Mzani wa shule wifi ameurudisha, uko nyuma ya mlango wa ofisi na watoto wanapimwa humo kimyakimya. Beseni la getini sasa lina matunda tunayopeana zamu wazazi kuyaleta. Walimu wanakunywa soda zao kwa kujificha nyuma ya stoo, kwa kukimbia, ambayo nayo naambiwa ni mazoezi.

Hakuna anayezungushwa tena. Anayechelewa anashika kamba awazungushie wenzake, zamu yake ya kuruka imempita, basi. Hiyo sheria ameitunga Filimbi bila kumuuliza mtu. Filimbi ya chuma imening'inizwa kwenye msumari saluni kwangu, wateja wanatundikia mitandio.

Juzi nilimchelewesha Kidoti. Nilitaka kumaliza mistari ya nywele upande wa nyuma, yeye anajinyonganyonga kitini. "Mama, kamba itanipita. Mama, nitashikishwa." Alishuka kabla sijafunga ncha ya mwisho, akachukua mkate mezani, akauma, akatoka. Nilisimama mlangoni na kitana mkononi. Alikuwa anakimbia, begi linampiga mgongoni, shavu moja limejaa mkate, na hakuna mtu nyuma yake wala filimbi mbele yake.

Kulikuwa na mteja mgeni kwenye benchi, mama aliyesoma shule ileile miaka ya zamani. Naye alichungulia mlangoni akamwona.

"Huyo mtoto kakosa nini?" akauliza.

"Hajakosa kitu," nikamwambia. "Kaa hapa nikusuke."